Benzi ya Kasonia na Minibasi Yangu

Mume wangu Kasonia aliionea wivu minibasi yangu, na sitaki mtu aniambie vinginevyo. Niliinunua mwenyewe kwa faida ya vitenge, ikaja mpya kutoka Dubai, viti bado vimevaa plastiki. Ilibeba watu kumi na wanane, ikapanda vilima vya Lubero na magunia ya viazi juu yake, na jioni ikarudi na pesa. Benzi yake ilirudi na kiu. Aliipata zamani kwa Mgiriki mmoja wa kahawa aliyekuwa anafunga virago: viti vya ngozi, mbao zinazong'aa mbele ya dereva, na tumbo lililokaribia kugusa barabara. Kila Jumapili baada ya misa aliipangusa mpaka majirani wakanionea huruma.

"Kiti moya ya hii motokari inashinda yako yote," alikuwa ananiambia.

"Basi ukule ile kiti," namjibu.

Mwaka ule wa vita askari walikuwa wanakamata magari ya abiria ili wabebe watu wao, na gari likishakwenda halirudi. Sisi wa Butembo tulikuwa na dawa yetu: unatoa magurudumu, unaliweka gari juu ya mawe, unasema limekufa. Nikafanya hivyo. Magurudumu nikayapeleka Vuhovi kwa shangazi yangu, akayafukia ghalani chini ya maharagwe. Benzi hatukuificha. Nilisema hata mwizi ana macho.

Wiki ileile binti yetu Victoire akashikwa na uchungu. Mkunga Orpa, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu wa Mususa, alitoka chumbani asubuhi na uso ambao sikuupenda.

"Mutoto amelala ya kukingama," akasema. "Lazima bamupasue. Na docteur wa kupasua iko Beni."

Nikakimbilia uani. Minibasi yangu ilikaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Kwenda Vuhovi na kurudi kungekula saa ambazo Victoire hakuwa nazo. Nikalia kwa hasira, nikayapiga yale mawe teke. Kasonia hakunicheka, na namshukuru mpaka leo. Alifungua mlango wa nyuma wa Benzi.

"Mumulaze hapa. Polepole."

Victoire alijinyoosha kwenye kiti chote, kichwa mapajani mwangu. Barabara ya Beni siku zile ilikuwa mashimo matupu. Minibasi yangu ingemrusha mpaka darini, huo ndio ukweli. Benzi ilizama shimoni ikaibuka taratibu, na binti yangu alilia kwa uchungu wake tu, si kwa barabara. Tumbo la gari lilikwaruza mawe, na kila mara Kasonia aliguna utadhani amekwaruzwa yeye.

Kwenye kizuizi askari mmoja akatusimamisha. Wakituchukulia gari hapa, binti yangu anafia kando ya barabara.

"Tuko na lazima ya motokari," akasema. Akaizunguka, akainama kuchungulia chini yake. "Papa, inakunywaka essence ngapi?"

"Litre makumi mbili kwa kilometre mia," Kasonia akajibu. Mimi alikuwa ananiambia kumi na mbili.

Askari akacheka. "Hii ni maiti! Hata bure nakatala. Mwende."

Maiti! Miaka yote hiyo niliitukana mimi mwenyewe, lakini damu ikanichemka. Nikafungua mdomo nimwoneshe maiti ni nani. Victoire akanibana mkono kwa nguvu zote alizobakiza, nikafumba mdomo.

Beni walimwingiza moja kwa moja kupasuliwa. Nikabaki kwenye korido na rozari, bila kujua nimefika tendo la ngapi. Hatimaye nesi akatoka, akaniwekea mikononi mtoto wa kike aliyekunja uso kwa hasira.

"Na mama yake?"

"Ameamuka. Anaomba maji."

Nikamrudishia nesi mtoto, nikatoka nje.

Kasonia alinipa mgongo. Alikuwa anasugua damu kwenye kiti cha nyuma, anasugua pale ambapo palishatakata. Alizisikia hatua zangu, wala hakugeuka.

"Mama Victoire," akasema, "hapana kuniambia bado."

"Geuka, papa Victoire. Beko bazima. Bote babili."

Alisimama vilevile, kitambaa kikidondosha maji kwenye viatu vyake. Kisha akaketi chini kwenye matope, na suruali yake ya misa, akacheka huku analia, nami nikaketi kando yake.