Ndugu wa Ziwa Moja

Bi Mejumaa ndiye aliyetafitiwa kwanza, na tangu siku hiyo mtaa wetu haukukalika.

Alikuja mwanamke wa bara, Daktari Ndinda, msomi wa elimu ya jamii. Si daktari wa sindano. Kazi yake ni kuuliza watu wanaishije na nani ni nani kwa nani, kisha aandike kitabu kuhusu familia na nafasi yake katika jamii. Alikuwa amefikia Kizingo, kwenye majumba yenye miti mingi na watu wachache, na kila asubuhi gari lilimleta Mji wa Kale hadi pale kichochoro kinapokataa magari. Kwa nini hakuwatafiti wa huko huko Kizingo, sijui. Labda kule ukibisha hodi hujibiwa na mbwa.

Bi Mejumaa, jirani yetu wa dirisha kwa dirisha, alimwonyesha familia iliyotimia: watoto, wajukuu, na mkwe aliyerudi likizo kutoka Dubai. Mkwe mpole ajabu. Muda wote Daktari alipokuwa akiuliza maswali, yeye alikuwa amepiga magoti jikoni akitengeneza mfereji. Daktari akafurahi, akasema leo ameona mwanamume wa pwani asiyeona haya kazi za jikoni. Bi Mejumaa aliyabeba maneno hayo duka hadi duka.

Fadhiya, binti wa nyumba ninayokaa, hakustahimili.

"Wao wana nini cha kutafitiwa ambacho sisi hatuna?" alimwuliza mamake.

"Mfereji mbovu," Bi Mwanaesha akamjibu.

Lakini Fadhiya akenda mwenyewe kumkaribisha Daktari. Siku ikawekwa, Alhamisi. Mimi nikaambiwa Alhamisi hiyo nitafute pa kwenda.

Nieleze mimi, Ngowa, ni nani pale, maana ndipo taabu yote ilipotokea. Nimepanga chumba cha chini, kando ya mlango. Nimezunguka sana katika maisha yangu: Tanga, ambako nilisilimu, na Moroni, na Jinja, na Kisumu. Kila mahali nilifanya kazi kidogo, nikasoma kidogo, nikafunga mfuko wangu. Kwa Bi Mwanaesha nilikuja kukaa mpaka mvua ikatike. Mvua zimekatika nyingi. Yeye ni mjane, hushona kofia ghorofani, na ngazi yake sikuwahi kuipanda, kwa kuwa mimi si mumewe wala si maharimu wake, jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa. Chakula nilishushiwa kwa sinia, na mazungumzo nilishushiwa kwa sauti.

Basi nilikuwa nimeamua kumposa. Ila mtu hajiposei mwenyewe, hutuma jamaa zake, nami jamaa sina. Walio hai hawanijui na walionijua wamekufa. Nikamwomba rafiki yangu Karisa, anayekaanga mihogo kule ufukweni Mama Ngina. Nikamwazima kanzu yangu, nikamfundisha: Ijumaa baada ya sala piga hodi, uombe kuonana na mwanamume mkubwa wa nyumba, na jina langu usilitaje mpaka uulizwe. Nilidhani ataitiwa binamu yao mmoja wa Kibokoni.

Alhamisi Daktari hakuja. Bi Mejumaa alimkamata njiani kwa biriani, na mtu aliyekula biriani ya Bi Mejumaa hana utafiti mwingine siku hiyo. Akaahirisha hadi Ijumaa. Nilipopata habari nikampigia Karisa, simu imezimwa. Nikatoka msikitini mbio, nimngoje mlangoni nimrudishe. Mlangoni nikamkuta Daktari.

"Mzee, na wewe ni wa hapa? Ingia, tafadhali. Nataka watu wote wa nyumba."

Fadhiya alinitolea macho nyuma ya bega la mgeni. Nikaingia.

Tuliketi ukumbini chini. Daktari akafungua daftari lake, akatabasamu. "Nawaomba mfanye kama kawaida yenu. Kama vile sipo."

"Mgeni yuko kwangu, hajala, nami nifanye kama hayupo?" akasema Bi Mwanaesha. "Bara ndivyo mnavyofanyiana?"

Sinia likaletwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya ndimu. Daktari akajaribu kuandika, kalamu ikamteleza kwa rojo. Ikabidi utafiti uendelee kwa mdomo mtupu.

"Familia hii ina kazi gani katika jamii?"

"Kusemwa," akajibu Bi Mwanaesha, akitazama dirisha la ng'ambo. Pazia la Bi Mejumaa likatikisika, na upepo haukuwapo.

"Na maamuzi makubwa hufanywa na nani?"

"Huwa twashauriana," akasema Fadhiya.

"Mnashauriana vipi?"

"Mama husema, nasi twanyamaza."

Daktari akacheka, akanigeukia. "Na mzee huyu ni nani?"

"Mpangaji," akasema Fadhiya upesi.

"Mpangaji?" Daktari akalitazama sinia. "Lakini nimemwona mama akimwekea kichwa cha samaki, bila yeye kuomba. Wapangaji wa hapa hupewa kichwa?"

Masomo ya watu hayo. Kaka zangu wa msikitini wameniona pale miaka na hawakuligundua jambo hilo, yeye kaligundua kwa mlo mmoja. Ng'ambo pazia halikutikisika tena, lilifunguliwa kabisa. Bi Mejumaa kwa muda mrefu alikuwa akinong'ona kuhusu mjane na chumba chake cha chini. Leo alikuwa anapewa ushahidi na daktari.

Bi Mwanaesha alinitazama, akaitazama ng'ambo. "Ni ndugu yangu," akasema.

"Kwa baba au kwa mama?"

"Kwa ziwa. Mamangu alinizaa hana maziwa. Mamake huyu alikuwa akileta mboga kutoka Rabai, akaninyonyesha. Tumenyonya ziwa moja."

Mwiba ulinikwama. Daktari alisahau rojo, akaandika mbio, daftari likawa la manjano. Mimi sikuhitaji kuandikiwa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu kamili, na ndugu hawaoani. Kwa sentensi moja nilikuwa nimepata familia na kukosa mke.

"Hodi hapa!"

Karisa aliingia ameivaa kanzu yangu, ikiburura chini kwa kuwa yeye ni mfupi, na harufu ya mihogo imetangulia mbele yake. Akasalimia vizuri, kama nilivyomfundisha. "Nimekuja kwa jambo la heri. Naomba kuonana na mwanamume mkubwa wa nyumba."

Fadhiya alitanua kifua mbele ya mgeni wake. Bi Mejumaa hakupata kuwa na mposaji siku ya utafiti! "Umefika, baba. Huyo hapo, mjomba wangu."

Karisa alinitazama. Akajitazama kanzu, kama kwamba itamshauri.

"Yupi?"

"Mimi," nikasema. "Kaa."

"Endeleeni tu," Daktari akanong'ona. "Kama vile sipo." Na safari hii, kweli, kila mtu alimsahau.

Karisa akakohoa. "Bwana mkubwa, nimetumwa na mtu. Amempenda Bi Mwanaesha, ataka kumuoa."

Bi Mwanaesha alivuta leso hadi mdomoni. "Mtu gani?"

Karisa akafungua kinywa, maana sasa ameulizwa. Nikaona yatakayofuata: Daktari ataandika kwamba kaka kamposa dada yake, Bi Mejumaa atayafikisha Feri yavuke hadi Likoni kabla ya alasiri, na Bi Mwanaesha ataitwa mwongo ndani ya nyumba yake.

"Mtu huyo namjua," nikamkata. "Jina lake halina haja."

"Ni mtu wa namna gani?" akauliza Daktari, ambaye hakuwapo.

"Hatulii mahali. Kazi ameanza nyingi, hajamaliza hata moja. Mali yake yote yaingia katika mfuko mmoja."

Karisa akakasirika. Alikuwa ametumwa kusifu, na akasifu. "Si hivyo! Ni mtu mwema. Nilipoungua na mafuta, nani aliyelala nami hospitali?"

"Hakuwa na pengine pa kulala."

"Ana kanzu nzuri!"

"Kaiazima watu."

"Na mimi kanipendea nini?" Bi Mwanaesha akauliza polepole.

Hapo Karisa akasema jambo ambalo sikumfundisha. Lilinitoka jioni moja Mama Ngina, nikidhani anageuza mihogo wala hanisikii. "Asema kila akifunga mfuko aondoke Mombasa, husikia sauti yako kule juu ikiita sinia lishushwe. Basi huufungua tena."

Fadhiya alinitazama mara moja, akainamisha kichwa haraka. Wote walikuwa wakingoja kauli ya kaka.

"Mwambie," nikasema, "dada yangu haolewi."

"Nimwambie? Sasa nimwambie nani?"

"Mwambie. Ataelewa."

Karisa akatoka, akajikwaa kwenye pindo la kanzu, akaitukana kidogo. Daktari alinipa mkono kwa mikono miwili. Alisema tangu aanze kazi hii hajaona mamlaka ya mjomba wazi namna hiyo, tena kwa utulivu, na kwamba sura nzima ya kitabu itakuwa yetu. Fadhiya akamsindikiza hadi kwenye gari, akipita makusudi chini ya dirisha la Bi Mejumaa.

Mimi nikaingia chumbani nikautungua mfuko. Nilikuwa sijaweka hata shati la pili Fadhiya aliposimama mlangoni.

"Mjomba, Mama akuita juu."

"Juu?"

"Si kaka yake wewe?"

Nikaipanda ile ngazi. Kule juu kuna upepo kuliko nilivyodhani. Bi Mwanaesha alikuwa amekaa na kofia mapajani, sindano imesimama.

"Nani alikupa ruhusa ya kunikatalia mume?"

"Wewe. Ulinifanya kaka."

"Nilikufanya kaka kwa sababu ya Mejumaa. Nilitaka uongo wa kutosha hadi mgeni atoke. Wewe umeuchukua ukaufanyia kazi."

"Ningesema nini mbele yao? Na kwani ungekubali?"

"Sikuulizwa! Leo kila mtu alikuwa na kauli, hata yule wa bara. Aliyeposwa peke yake ndiye hakuulizwa."

"Basi nakuuliza sasa."

Aliinuka, akasukuma dirisha. "Mejumaa!"

"Labeka!" Jibu lilikuja upesi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa papo hapo.

"Ngowa si ndugu yangu. Nimesema uongo mbele ya mgeni, nawe ukausikia. Basi usikie na hili: mtu aliyeniposa leo ni yeye. Wala sijamkataa."

Ng'ambo kikatoka kicheko cha kuangusha vyombo. "Mwanaesha we! Mamako akose maziwa? Aliyekosa ni mamangu mimi! Nimenyonya kwenu hata nikaota meno. Nduguyo wa ziwa ni mimi, umeketi na daktari nusu siku wala hukunitaja!"

Bi Mwanaesha alishika ukingo wa dirisha. "Wewe ulinitaja ulipotafitiwa?"

"Hata. Tulikuwa tumenuniana."

"Na mkweo wa Dubai hajambo?"

Kicheko kikakoma. "Ni fundi wa mfereji," akasema Bi Mejumaa kwa sauti ya chini. "Tena bado wavuja."

Kesho yake tulikwenda kwa maalim, na Bi Mejumaa akaja kushuhudia. Maalim alisikiliza yote akishika ndevu. "Kinachoharamisha ni maziwa," akasema, "si mazungumzo ya maziwa. Tubuni uongo wenu, kisha mposaji aje tena, na safari hii aongee na mwenyewe." Karisa akaja tena, na kanzu ile ile. Akauliza kwa hofu kama kuna mtu yeyote ndani mwenye daftari.

Tumeoana. Mfuko wangu Bi Mwanaesha anautia vitambaa vya kofia. Mara nyingine miguu huniwasha, nikatoka nikatembea hadi Feri, nikatazama watu wakivuka, nikarudi kula.

Juzi Daktari Ndinda alimpigia Fadhiya simu. Kitabu karibu kinakwisha, ila sura yetu ina upungufu. Ameisikia kauli ya kaka aliyekataa, lakini hajasikia upande wa yule mposaji aliyekataliwa. Angependa kumhoji, kama anajulikana alipo, na kama maumivu yake yamepoa.

Fadhiya akaziba simu kwa kiganja. "Mama, nimwambie nini?"

Bi Mwanaesha alikuwa akinipakulia. Akaniwekea kichwa cha samaki.

"Mwambie aje Ijumaa," akasema. "Aliyekataa na aliyekataliwa wote watakuwapo. Nitawawekea kiti kimoja."