Mabwawa ya Bondeni

Kampuni ya chai ilipoleta mashine za kuchuma na kuwaachisha kazi wachumaji, Wilkista na mumewe, Okoth, walinunua kipande cha shamba Bondeni, kando ya kijito. Wengi waliofutwa kazi walikuwa wakijenga hapo. Okoth alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Ujaluoni, kando ya ziwa, kuuchukua mwili ukazikwe kwao. Wilkista alikataa. Alisema mume wake atalala mahali alipojenga. Ndugu waliondoka kwa hasira bila kuaga, na kaburi lilichimbwa na wanaume wa Kaptulwo, kijiji cha Wakipsigis kilichoko juu mlimani. Aliyewaita ni Chepchirchir, rafiki yake wa kanisani, mama mwenye ng'ombe wa maziwa na chai yake mwenyewe. Alilala kwa Wilkista mpaka matanga yakaisha.

Kwa hiyo serikali ya kaunti ilipotangaza kwamba mtambo wa kusafisha majitaka ya mji utajengwa Kaptulwo, nyuma tu ya boma la Chepchirchir, Wilkista hakungoja kuombwa. Alipita nyumba kwa nyumba Bondeni akiwaambia watu wapande mlima siku ya mkutano.

Walipanda. Walijaza uwanja wa shule ya msingi, wakakaa mbele. Ofisa wa maji, kijana mtanashati aliyeitwa Duke, alieleza kwamba mabwawa ya majitaka ya siku hizi hayanuki. Kando yake aliketi Mheshimiwa Kiptum, mwakilishi wa wadi, akitikisa kichwa kukubali kila neno.

Wilkista alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Kama hayanuki," alisema, "mbona hamkuyajenga huko mjini karibu na ofisi zenu? Choo cha mji mzima mnakileta mlangoni kwa watu wanaokamua maziwa. Hayo maziwa mtakunywa nyinyi?"

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, na Kiptum akatoa kitambaa akajifuta uso. Mkutano ulipovunjika, Chepchirchir alimkumbatia rafiki yake mbele ya watu wote.

"Mama Dolphine, leo umetuokoa," alisema, na machozi yalikuwa ya kweli.

Mvua za masika zilipopungua, Wilkista alikuta wapima ardhi wakichimbia bikoni, vile vigingi vyao vya kupimia, kwenye mpaka wa shamba lake la maharagwe. Aliwauliza wanapima nini.

"Mabwawa, mama," mmoja akajibu. "Yalitolewa kule juu, yakaletwa huku."

Alipanda mlima na matope yake miguuni. Chepchirchir alikuwa nje akiosha mtungi wa maziwa.

"Mama Kipyegon, ulijua?"

Chepchirchir aliendelea kusugua. "Tuliitwa kwa Mheshimiwa, kamati yetu yote ya kijiji. Akasema mtambo lazima ujengwe wadi hii. Akatuuliza, kama si Kaptulwo, ni wapi."

"Mkasema Bondeni."

"Si mimi nilitaja."

"Ulikataa?"

Maji yalimwagika kutoka kwenye mtungi, yakawapita miguuni wote wawili.

"Sikukataa," Chepchirchir alisema. "Ningefanya nini? Nina watoto, nina ng'ombe. Hapa ndipo kwetu, hatuna pengine. Wewe mambo yakikuwa magumu, si unaweza kurudi kwenu?"

Wilkista alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Kwetu ni wapi?" aliuliza. "Mume wako ndiye alishika jembe tukimzika Okoth. Muulize kwetu ni wapi."

Hakungoja jibu.

Watu wa Bondeni walilalamika mpaka wakaitiwa mkutano wao, chini ya hema dogo kando ya kijito. Kutoka Kaptulwo hakuja mtu hata mmoja. Wilkista alimuuliza Duke maoni ya watu wa Bondeni yalichukuliwa lini.

"Lakini mama," Duke alisema kwa upole, "si ni wewe uliongea pale shuleni? Tena uliongea vizuri sana. Tulikurekodi. Watu wa Bondeni walikuwa wengi kuliko wote siku hiyo. Hatuwezi kusema hamkushirikishwa."

"Tuliwaambia hatutaki!"

"Mlisema hamtaki Kaptulwo. Tukawasikia, tukahamisha."

Kiptum alisimama akasema asiyependa maendeleo ana uhuru wa kuuza na kwenda. Watu wake wawili walipiga makofi. Kisha aliingia garini, na gari likakwama matopeni. Ikabidi vijana wa Bondeni walisukume. Walisukuma. Wilkista aliwatazama na kinywa chake kikajaa uchungu kama mtu aliyetafuna kwinini.

Mabwawa yalichimbwa, ua wa waya ukapita nyuma ya kaburi la Okoth, na siku ya ufunguzi wakubwa walikata utepe wakiwa wamesimama upande ambao upepo ulikuwa unatoka. Baadaye harufu ilikuja. Ilikuja asubuhi na umande, ikaingia kwenye nguo, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa. Dolphine, binti aliyeolewa Nakuru, alimsihi mama yake ahame. Ahamie wapi, na nani angenunua shamba hilo?

Kina mama wa kanisa hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao kwa maombi. Zamu ya Wilkista ilipofika, Chepchirchir alisema mbele ya wote, bila kuinua macho, "Tumeonelea tusikusumbue, mama. Tutaenda kwa Marcella."

"Mtakuja kwangu," Wilkista alisema. "Nitapika."

Walikuja. Maombi yalikuwa mafupi kuliko yote yaliyowahi kuombwa. Alipofunua samaki na ugali, Marcella alisema amefunga, mwingine akakumbuka mgonjwa, wakatoka mmoja mmoja huku leso zikiwa puani. Akabaki Chepchirchir.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Kula kwanza."

Chepchirchir alimega tonge, akalichovya, akalifikisha mdomoni. Alilirudisha sahanini, akashika sketi yake, akatoka karibu kukimbia.

Wilkista alikusanya chakula chote katika sufuria moja, akakipeleka kwa majirani. Walikaa nje na watoto wao, hatua chache kutoka kwenye waya, wakala mpaka sufuria ikawa nyeupe. Hakuna aliyeziba pua. Walikuwa wameshazoea.