Mbweu ya Kondoo wa Sultani

Nchi ya Kivyake imezungukwa na milima iitwayo Haipiti, nayo milima hiyo imelitunza jina lake kwa uaminifu mkubwa: upepo haupiti, mgeni hapiti, wala fikra mpya haijawahi kuonekana ikihema kwenye vilele vyake. Ndani ya duara hilo hakuna kijiji wala mtaa, hakuna hata nyumba mbili zinazotazamana kwa karibu. Kuna vilima tu, na juu ya kila kilima nyumba moja, na ndani ya kila nyumba mtu mmoja, na kumzunguka mtu huyo kondoo wengi kuliko anavyoweza kuwahitaji kiumbe mwenye shingo moja tu ya kuvalia sufu.

Haikuwa hivyo tangu awali. Zamani watu wa Kivyake waliishi kwa kubanana, wakigombania vivuli na kusengenyana kwa furaha. Kisha likaja joto. Theluji ya Mlima Shahidi, iliyokuwa ikilisha chemchemi zote za nchi, ikapungua mwaka baada ya mwaka hadi ikabaki kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha mtu mzima. Sultani Enzi akamwita Waziri Tahadhari, mtu aliyesifika kwa kutokosea kwa sababu hakupata kuulizwa, akamwamuru atafute chanzo. Waziri aliweka kiganja mbele ya kinywa chake, akapumua, akahisi vuguvugu. Utafiti ukaishia hapo. Ikatangazwa kwamba joto la nchi linatokana na pumzi za watu, na kwamba pumzi mbili zikikutana chini ya paa moja huzaa ya tatu iliyo kali kuliko wazazi wake. Watu wakatawanywa. Mume akapewa kilima hiki na mke kile. Mtoto naye, akishaweza kujichotea maji, hupewa chake. Wakafundishwa na adabu ya kubana pumzi wanapopishana njiani, hivi kwamba salamu za nchi ile ni kutumbuliana macho huku mashavu yamevimba.

Kondoo hakuna aliyewapima. Kondoo wa Kivyake ni kiumbe mtukufu, yumo katika muhuri wa Sultani, na kumsema vibaya ni jinai. Lakini pamoja na utukufu wake wote, kondoo hula majani, hulala, huyarudisha kinywani akayatafuna upya, na katika shughuli hiyo hupiga mbweu mchana kutwa. Mbweu hizo zilipanda juu, zikakutana na milima ya Haipiti, zikatanda juu ya nchi kama blanketi juu ya mtu ambaye hakusema anasikia baridi. Ndipo ikazuka desturi isiyojulikana kwingine kokote: kondoo akipiga mbweu, binadamu aliye karibu naye zaidi huinamisha kichwa na kusema, "Ni mimi. Niwieni radhi." Watu waliyasema maneno hayo hata wakiwa peke yao malishoni, wakiyaomba radhi mawe.

Na kwa kuwa mtu asiye na wa kuzungumza naye hutafuta walau kiumbe wa kumtazama, kila mpweke alijiongezea kondoo. Aliwapa majina, akawasimulia ndoto zake, akalala katikati yao. Kondoo walipoongezeka, joto liliongezeka. Joto lilipoongezeka, Waziri aliongeza umbali. Umbali ulipoongezeka, watu walijiongezea kondoo. Tena kila mmoja aliamini kwamba ni kondoo wake peke yake wasio na adabu, akaificha aibu hiyo kilimani kwake, asijue kwamba kila kilima kimeficha aibu ileile.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aliyeitwa Faragha. Kilima cha mama yake, Bi Stahamili, kilikuwa ng'ambo ya bonde, mbali kiasi kwamba sauti haikufika ila rangi ilifika. Kila asubuhi mama alikung'uta kanga nyekundu mlangoni, maana yake nimeamka. Faragha alikung'uta ya njano, maana yake nimeona. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao kwa miaka mingi, na hawakuwahi kugombana.

Asubuhi moja kanga nyekundu haikuonekana. Faragha alingoja hadi jua likapanda, kisha akashuka bondeni mbio. Alimkuta mama yake sakafuni, nyonga imevunjika, mtungi wa maji uko mlangoni asikoweza kufika, na kondoo jike mmoja mzee amejilaza ubavuni pake. Faragha akamlaza kitandani, akamnywesha maji, akabaki. Mama alimsihi arudi kwake, Faragha akajifanya hasikii. Wapelelezi wa Waziri, ambao kazi yao ni kuhesabu moshi, waliona kilima kimoja hakitoi moshi na cha pili kinatoa mwingi, wakaelewa. Faragha akashtakiwa kwa kosa la kuchanganya pumzi. Adhabu yake ilijulikana: mama abaki kilimani kwake, binti ahamishiwe chini ya Haipiti, mahali ambapo hata rangi haifiki. Na mtungi ungebaki mlangoni.

Kesi ilisikilizwa kwenye uwanda mbele ya kasri, kila mtu ameketi juu ya jiwe lake. Sultani Enzi alikaa kwenye kiti cha sufu, na pembeni yake alisimama kondoo dume wa kifalme, aliyelishwa majani machanga na chumvi tangu alfajiri. Kwa kawaida nyuma ya kondoo huyo husimama Mwomba Radhi wa Kasri, mtumishi asiye na kazi nyingine duniani. Lakini siku hiyo, kwa ukali wa joto, Waziri Tahadhari alikuwa ameongeza umbali wa mawe mara dufu, na Mwomba Radhi alikuwa ameketi ng'ambo ya uwanda, mdogo kama punje ya mtama. Maneno yalipitishwa na mpiga mbiu aitwaye Nusukweli, ambaye alichoka upesi na hivyo aliyafupisha.

"Binti Stahamili," Waziri aliuliza, "ulilala chini ya paa moja na mama yako?"

"Nililala, Mheshimiwa. Yeye hakulala, alikuwa na maumivu."

"Amekiri," Nusukweli akapaza sauti.

"Mkapumua wote wawili?"

"Tulijaribu kupokezana, Mheshimiwa, ila mama akizeeka huwa hana zamu."

Wengine walicheka, kila mmoja juu ya jiwe lake, kisha kila mmoja akanyamaza ghafla akidhani amecheka peke yake.

Sheria ya Kivyake humpa mshtakiwa swali moja kabla ya hukumu, nalo lazima lijibiwe. Faragha alikuwa amelitunza lake njia nzima: nani atampa mama yangu maji? Alijua kwamba Sultani akiulizwa hilo mbele ya watu, angeona haya na kumteua mtu. Alisimama. Akafungua kinywa.

Wakati huohuo kondoo wa kifalme akapiga mbweu. Ilikuwa mbweu ndefu, yenye mwanzo, kati na mwisho, na milima ya Haipiti ikairudisha ili asiyeisikia aisikie.

Uwanda ukangoja. Ng'ambo, Mwomba Radhi aliinamisha kichwa, lakini hakuwa yeye aliye karibu. Waziri alitazama vidole vyake vya miguu. Aliyekuwa karibu na kondoo alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameketi kwenye kiti cha sufu. Akisema ni mimi kwa mbweu kubwa kiasi hicho, basi ndiye mwenye pumzi nzito kuliko wote, na sheria yake mwenyewe, inayowasogeza mbali wenye pumzi kali, ingempeleka chini ya Haipiti. Kwa muda alionekana si sultani bali mtu aliyezeeka ndani ya vyumba vingi bila kuulizwa ameamkaje.

Faragha alifikiria mtungi mlangoni. Kisha akalitumia swali lake.

"Ni nani?" aliuliza.

Waziri alianza kusema kwamba swali halihusiani na shauri lililopo. Sultani akainua mkono.

"Ni kondoo," alisema kwa sauti ndogo.

Nusukweli alimtazama bwana wake, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakufupisha kitu. "Ni kondoo!"

Kutoka jiwe la mbali mtu akasema, kama anayetubu, "Na wangu pia." Mwingine akadakia kwamba wake ni usiku na mchana. "Wangu ndio wananiamsha," alisema bibi mmoja, na sauti zikaendelea kutoka jiwe hadi jiwe, mpaka uwanda mzima ukatambua jambo ambalo kila mtu alikuwa analijua peke yake. Waziri Tahadhari aliweka tena kiganja mbele ya kinywa chake. Safari hii hakupumua.

Umbali ukafutwa siku ileile, na makundi yakaamriwa kupunguzwa. Theluji haikurudi, theluji haina haraka ya kusamehe. Wengine walishuka vilimani na vyungu vyao, wakaketi sebuleni kwa ndugu bila kujua mikono waiweke wapi. Wengine hawakushuka kabisa. Walisema wamezoea.

Faragha hakungoja kusikia amri ikisomwa hadi mwisho. Alifika jioni, akavuka kizingiti cha mama yake, na kwa mazoea ya maisha yake yote akabana pumzi. Kondoo jike mzee aliinua kichwa. Bi Stahamili, ambaye macho yake hayakuona tena vizuri kwenye giza la nyumba, akageuza uso upande wa mlango.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama."

Mama alisikiliza kwa muda, asisikie kitu.

"Kama ni wewe," alisema, "pumua basi."