Mdhamini wa Mtufaha

Jirani yangu Stoyko alipotoka nyumbani na shoka mkononi, nilimshukuru Mungu. Tangu amzike mkewe, Dafina, mwanzoni mwa baridi, hakuwa amegusa hata jembe. Theluji iliyeyuka, korongo wakarudi kwenye kiota chao juu ya mnara wa kanisa, kijiji kizima kikanuka samadi na moshi wa majani makavu, lakini shamba lake likabaki limelala. Mimi ni mbea, sikatai. Kila asubuhi nilichungulia penye wigo: je, leo ataamka?

Siku hiyo ilikuwa ya Mashahidi Arobaini, siku ambayo hata kijiti ukikichomeka ardhini kinashika. Ndiyo siku ya kuitia hofu miti isiyozaa. Mume huugonga mti kwa mgongo wa shoka na kuuliza, "Unazaa, au nikukate?" Mkewe huujibia mti na kuudhamini kwamba mwaka huu utazaa. Dafina alikuwa akiujibia mtufaha wao kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijui aliitoa wapi, maana kwangu hakuwa nayo. Tuligombana miaka na miaka kwa sababu ya kivuli cha mtufaha huohuo kwenye pilipili zangu.

Sasa leo atajibiwa na nani? Nikasogea hadi kwenye wigo.

Stoyko hakuuliza kitu. Aliinua shoka, akapiga. Kibanzi cheupe kikaruka, kikaangukia matopeni. Mgongo wa shoka ulikuwa juu. Alipiga kwa makali.

Akapiga tena.

"We Stoyko! Mwanamume gani anaua mti bila kuuliza?"

"Nimuulize nani?" Hata hakugeuka. "Wa kujibu yuko makaburini. Na wewe si ndiye uliyekuwa ukitaka ukatwe? Haya, furahi basi."

Kweli nilitaka, tena niliombea. Lakini niliona shati alilofunga vifungo upande upande kama mtoto, nikajua mti ule ukianguka leo, kesho hatakuwa na sababu ya kufungua mlango. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi.

"Usiukate!" nikapiga yowe. "Mwaka huu utazaa!"

Shoka likasimama hewani.

"Nani anaudhamini?"

"Mimi."

"Wewe, Gergina?"

"Kwani masikio yako yamejaa theluji? Mimi! Na usipozaa, njoo unikate mimi."

"Nikukate wewe," akasema taratibu, "shoka liwe butu bure."

Neno la mdhamini likishatoka halirudi. Hata walevi wetu wanalijua hilo. Stoyko akaliegemeza shoka ukutani. Mimi nikaparamia wigo, kwa umri wangu huu, sketi ikanasa, nikatukana yale yasiyosemwa siku ya watakatifu. Tulikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, tukaziba jeraha la mti, kisha tukalizungushia mabua ya ngano na kuyakaza. Alikuwa akilia na kujifuta kwa kiwiko, nami nikajifanya nahangaika na fundo.

Baada ya kunawa, alisimama akilitazama shamba lake, magugu na matope, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

"Vitunguu vyako umeshapanda?"

"Juzi."

"Vimebaki vya mbegu? Mimi sikununua."

"Tele," nikamwambia. "Vinaniozea ndani. Wewe anza kutifua, mimi navileta."

Akaenda kutafuta jembe.

Hakikuwa kimebaki hata kimoja. Nilizunguka nyuma ya nyumba yangu, asikoweza kuniona, nikapiga magoti kwenye tuta langu la vitunguu, nikaanza kuvifukua.