Tete Juu ya Mlango

Mimi ni mtu wa amri, sikatai. Mkwe wangu Makamohelo alipotoka kujifungua, nilikata tete mwenyewe mtoni, nikalichomeka juu ya mlango wake ili kila apitaye ajue ndani kuna kichanga, asiingie. Kwetu milimani mzazi hatoki nje ya ua mpaka tete ling'olewe, na wa kuling'oa ni mama mkwe. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa binti, lakini mama yake alishakufa, nikajiapiza kwamba hatakosa kwangu kitu ambacho angekipata kwao. Mwanangu Tieho alikuwa mgodini, ng'ambo ya mpaka. Tulikuwa sisi wawili na mtoto, Kamohelo, ambaye mama yake anaitwa kwa jina lake, mnene, mashavu yamemjaa.

Mwezi wa kwanza tuliishi vizuri. Nilimpikia uji wa mtama, nikamkanda mgongo, nikafua nepi. Wiki ya tano akaanza.

"Mama, naomba kesho niende kliniki."

"Mtoto anaumwa?"

"Hapana."

"Unaumwa wewe?"

"Hapana, mama."

"Sasa unaenda kumsalimia nani huko? Au wameleta nesi wa kiume, mzuri wa sura?"

Alicheka kidogo, akainamisha kichwa. Wiki iliyofuata aliomba tena. Mara ya tatu alilia, nami nikamfokea aache kudeka, maziwa yatakauka. Jioni ile nilimsimulia jirani jinsi nilivyo imara, si kama wakwe wa siku hizi wanaoburuzwa na wasichana. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Mwezi uleule nilijifunga blanketi langu nikaaga kwamba naenda kwenye chama cha mazishi. Uongo mtupu. Nilikwenda kliniki kuchukua dawa zangu za virusi, kama nilivyofanya kwa miaka tisa, tangu alipokufa baba yake Tieho. Hakuna aliyejua, hata Tieho mwenyewe. Chupa nilizificha kwenye pipa la unga, nikawa nameza kidonge changu jikoni nikiwa peke yangu. Niliogopa mkwe wangu akijua atanionea kinyaa, hatanipa mjukuu nimbebe.

Nilirudi jioni na dawa za miezi mitatu kifuani, nikapita mbele ya mlango ule wenye tete. Sikuingia hadi kesho yake, maana aliyetoka safari hamkaribii kichanga. Nilikuwa mwangalifu kiasi hicho.

Mwezi wa tatu ulipotimia niling'oa tete, tukampeleka mtoto kliniki kwa chanjo. Wakamtoboa kisigino, wakachukua damu. Tulikaa kwenye benchi hadi mchana, tukaitwa. Makamohelo akalikamata blanketi langu.

"Mama, usiniache niingie peke yangu."

Nesi alifungua daftari la kliniki la Makamohelo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto alipozaliwa alipimwa akawa hana virusi, na sasa anavyo.

"Ulipokuwa mjamzito ulikuwa unameza vizuri, virusi vyako vilikuwa chini kabisa," alimwambia Makamohelo. "Ungeendelea hivyo, ungemnyonyesha na hatari ingekuwa ndogo sana. Dawa zilikatika lini?"

"Wiki ya tano. Nilikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani, dada. Tete lilikuwa mlangoni."

Nesi alinitazama. Ni yeye aliyenikabidhi chupa zangu mwezi uliopita. Hakusema neno juu yangu, ndiyo kazi yake.

"Hakukuwa na mtu wa kukuchukulia? Angekuja yeyote na daftari hili, tungempa."

"Hakukuwa na mtu," alisema Makamohelo.

Nilitaka kusema nilikuwepo, nilisimama kwenye dirisha lilelile la dawa, mkono wangu ulikuwa mtupu, ungebeba chupa nyingine. Sikuweza. Tulirudi kwa miguu, mtoto amelala mgongoni kwa mama yake.

Nyumbani nilikwenda kwenye pipa, nikapekua unga hadi kwenye viwiko. Niliiweka chupa yangu mezani kando ya ile aliyopewa siku ile. Dawa zilikuwa zilezile, jina lilelile. Makamohelo alizitazama, akanitazama na mikono yangu iliyojaa unga.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baba mkwe wako afe."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alikaa chini, akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza mapajani.

"Niliogopa utanifukuza," alisema. Kisha akasema, "Tungekuwa tunameza pamoja."

Siku hizi tunameza pamoja, saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza redioni. Halafu namshika Kamohelo kichwa mama yake ampe dawa yake. Nesi anasema akipewa kila siku atakua kama wenzake, atasoma, ataoa. Kila siku, mpaka azeeke. Ni chungu, anaitema, tunampa tena. Akishamaliza kulia hunishika kidole, akakikumbatia kwa ngumi yake ndogo, akalala. Ni kidole cha mkono uleule uliochomeka tete.