Kelele za Guidry

Kwa miaka mingi Marcellus Guidry alikuwa beki wetu katika futiboli ya Kimarekani, na kazi yake ilikuwa kumwangusha mrusha mpira wa wapinzani. Kazi yetu jukwaani ilikuwa kupiga kelele kila wapinzani wanaposhika mpira, wasisikie maagizo ya mrushaji wao.

Jumapili ile jirani yangu Odell alikaa nami mbele kabisa, anatafuna karanga za kuchemsha na kunichefua.

"Babu huyo Guidry! Si akalee wajukuu?"

"Funga bakuli lako, Odell."

Mara Guidry akapenya katikati ya majitu mawili, akamwangusha mrushaji chali. Lakini yeye mwenyewe hakuinuka. Goti lilikuwa limepinda vibaya. Wachezaji wote wakapiga goti chini, kama ilivyo desturi mtu akiumia, na uwanja mzima ukanyamaza. Hata Odell alivua kofia.

Wakampakia kwenye kigari. Kilipotupitia, Guidry akatukazia macho, kakasirika kwelikweli.

"Mmenyamazia nini?" akafoka, akitupungia mikono yote miwili tupandishe sauti. "Mpira bado wanao wao!"

Aliyeanza kupiga kelele alikuwa Odell.