Kigoda cha Upande wa Kulia

Mama Bonge aliingia dukani amesheheni: mtoto mgongoni, mama mkwe ubavuni, na kipande cha boksi kwapani, kona yake imechomoza nyuma, karibu kabisa na mdomo wa mtoto.

Boksi hilo alilikata fundi bomba asubuhi ileile, sawasawa na nafasi iliyobaki jikoni baada ya sinki la zamani kung'olewa. "Chochote kitakachokaa juu ya boksi hili bila kuning'inia, leteni," aliwaambia. "Kikizidi hata kidole, kiacheni hukohuko, maana ukuta siusogezi."

Mama Bonge alikuwa ameshachagua tangu mwaka jana. Alitaka sinki la mabakuli mawili. Mumewe alimwuliza mawili ya nini kwa watu wanne, tena mmoja wao ana meno matatu tu, naye akajibu kwamba la pili ni la kusuuzia. Ukweli aliumeza.

Ukweli ulikuwa hivi. Tangu aolewe na kuhamia kwa mama mkwe wake, Bibi yake Bonge, miaka mitatu sasa, kila akimaliza kuosha vyombo alivianika kushoto, kwenye lile bapa la sinki lenye mifereji ya kuchuruzisha maji. Akigeuka tu, Bibi huyo, anavihamisha kimoja kimoja hadi kwenye sinia lililokaa juu ya kigoda, upande wa kulia. Hasemi neno. Anahamisha tu. Na hicho kigoda chenyewe! Kilimgonga Mama Bonge muundi kila kukicha. Asubuhi akikisukuma chini ya meza, mchana kimesharudi mahali pake. Miaka mitatu walikivuta na kukisukuma bila kukitaja hata siku moja, huku wakiamkiana vizuri na kumcheka mtoto pamoja.

"Ananiona mchafu," Mama Bonge alijiambia, na neno hilo likamkaa moyoni kama mwiba. Mabakuli mawili yangemaliza kesi. Kila mtu na lake, na hakuna wa kumhamishia mwenzake.

"Karibuni, mama zangu!" muuzaji aliwapokea, penseli sikioni. "Leo tunaosha nini, vyombo au watu?" Akalipokea boksi, akaligeuzageuza. "Hii kona mbona imepungua?"

"Imeliwa," alisema Bibi. "Ongeza vidole viwili."

Bonge, huko mgongoni, alikuwa bado anatafuna.

Sinki la mabakuli mawili lilipowekwa juu ya boksi lilikaa kama lilizaliwa hapo. Liling'aa hata Mama Bonge akajiona mle ndani, pua pana, meno yote nje kwa furaha.

"Unalionaje, mama?"

"Zuri," alisema Bibi, kwa ile sauti ambayo watu husifia picha za harusi ya jirani. "Likikupendeza wewe, mimi nina neno gani?"

"Jaribuni kwanza," muuzaji aliingilia, akawapa sahani ya plastiki aliyoiweka kwa kazi hiyohiyo. "Sinki halinunuliwi kwa macho. Osheni kama mko nyumbani."

Mama Bonge akaosha sahani kavu kwa maji ya kufikirika, akaona raha. Kisha akampisha Bibi. Bibi akaishika sahani kwa mkono wa kulia, akaisugua kwa kushoto. Alikuwa mashoto; kila mtu alijua hivyo, kwenye kijiko, kwenye sindano, hata kwenye kumpiga mbu. Alipomaliza, ule mkono wa kulia ukaenda na sahani kulia, ukasimama hewani. Ukapapasa kidogo. Ulikuwa unatafuta kigoda.

Mama Bonge aliutazama mkono ule, na miaka mitatu ikamrudia kwa mkupuo mmoja.

"Mama, nyumbani vile vyombo ninavyovianika kushoto, unavihamishaga kwa nini?"

"Ili nikiosha vyangu vikae vyote pamoja. Kushoto siwezi mwanangu, lazima mkono unipite kifuani, maji yote tumboni. Umewahi kuniona natoka jikoni nikiwa mkavu?"

"Mimi nilidhani huridhiki ninavyoosha."

"Wewe?" Bibi akaweka sahani chini. "Wewe unayesugua sufuria mpaka naionea huruma? Mimi ndiye nilikuwa nawaza, huyu mtoto kigoda changu kinamuudhi. Basi nakirudisha ukiwa umetoka."

"Kinaniudhi kweli, mama. Hebu tazama muundi wangu huu!"

Wakacheka hadi Bonge naye akacheka, boksi likamtoka mdomoni.

"Lakini sinki lile la zamani si ulilichagua mwenyewe?"

"Nani, mimi? Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuja nalo begani siku moja, anatabasamu hadi masikioni. Ningemwambia nini?"

"Hakujua wewe ni mashoto?"

"Alijua sana," Bibi alisema taratibu. "Alisahau dukani tu."

Mama Bonge akamgeukia muuzaji. Lenye bapa upande wa kulia lipo? Lipo, tena linakaa juu ya boksi, ila lina bakuli moja. Na lenye mabakuli mawili pamoja na bapa? Muuzaji akalijaribu juu ya boksi. Likaning'inia kiganja kizima, hata baada ya kuhesabu kona iliyoliwa.

"Tuchukue haya mawili," Bibi aliharakisha kusema. "Mimi nimeshazoea, na kigoda kipo."

Mama Bonge aliligusa sinki lake la mwaka mzima, ukingo wake baridi na laini. Mle ndani hamkuwa na mahali pa kutua ule mkono. Akaliacha, akamvuta Bibi hadi kwenye lile la bakuli moja.

"Simama hapa, kulia kwangu."

Akasugua sahani, akampa. Bibi akaipokea kwa kushoto, akaisuuza, na mkono wa kulia ukaitua kwenye bapa: tap. Wakarudia. Wakaongeza kasi: sugua, pokea, tap, hakuna kiwiko kilichomgusa mwenzake. Mteja mmoja aliyefuata mabomba akasimama kuangalia.

"Mnatafuta kazi?" muuzaji akauliza.

Simu ikaita. Ni Baba Bonge, aliyebaki nyumbani na fundi. "Mmepata la mawili?"

"Tumechukua la moja."

"Si la mawili ndilo ulilonililia mwaka mzima?"

"Utaona mwenyewe tukifika. Na hicho kigoda kitoe jikoni."

"Kigoda cha mama? Mwenyewe atakubali?"

Bibi akainamia simu, akapaza sauti hadi duka zima likageuka. "Kitoe! Kinamuumiza mwenzangu miguu."